Daftari la jumuiya liamue nani azikwe na Kanisa?

MshonajiMbagala

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mbagala, na ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Nina swali zito, lakini bila kueleza lilikotoka mtanijibu juu juu. Nivumilieni.

Mtaani kwetu alikuwepo kijana mlinzi wa kampuni. Alilinda ghala upande wa Vingunguti, zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo yeye ndiyo kwanza anagombea daladala Buguruni. Anapofika nyumbani sisi tumeshafunga sala, mshumaa umezimwa, mkeka umekunjwa, kila mtu ameenda kwenye shughuli zake. Jumapili ambazo hakuwa kazini nilikuwa namwona misa ya kwanza, amesimama nyuma karibu na mlango, macho mekundu ya usingizi.

Kijana huyu ameugua ghafla, wiki haikuisha akafariki. Usiku ule viongozi tulikutana uwanjani kwa mwenye nyumba wake. Mwenyekiti akaomba daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, nimeichora mistari mwenyewe kwa rula yangu ya kushonea: jina, mahudhurio, zaka, tegemeza jimbo, ujenzi wa nyumba ya mapadre, rambirambi. Kwenye safu ya mahudhurio, mbele ya jina lake, ni vistari vitupu ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye zaka kuna malipo, kwa sababu akipata mshahara alikuwa ananitumia kwa simu na kuandika "katibu nimetuma, niombeeni". Nikasema hayo mbele ya wote. Nikajibiwa: zaka siyo mahudhurio, utaratibu tumeupitisha wenyewe, asiyesali jumuiya, jumuiya haiendi kwake.

Paroko alikuwa safarini. Katekista, Mungu ambariki, alikuja akaongoza ibada makaburini. Kutoka jumuiya tulikwenda wanawake wachache tu, kila mmoja kwa nafsi yake. Hakuna aliyeanzisha wimbo mpaka mama mmoja jirani, Mwislamu, aliponigusa bega akaniuliza, "Kwani nyie leo hamwimbi?"

Mama mzazi alikuja kwa basi kutoka Kasulu. Kusafirisha mwili hadi Kigoma hakuwezi, basi alikubali mwanawe alale huku. Baada ya kaburi kufukiwa alinishika mkono akauliza, "Mwanangu huku mjini hakuwa na kanisa?" Akatoa kwenye pochi picha iliyokunjika pembe: mtoto wa miaka kama kumi na moja, kanzu nyeupe ya watumikiaji, ameshika chetezo kwa mikono miwili.

Sikuwa na la kumjibu yule mama, na ndiyo maana naandika.

Ukipita mtaani kwetu leo wapangaji ni walinzi, wasichana wa viwandani, wapishi wa hoteli za mjini, madereva wa bodaboda, wauguzi. Wengi wanahama kodi ya miezi sita ikiisha. Utaratibu wetu ulitungwa kwa ajili ya mtu anayekaa nyumba moja miaka yote na ambaye Jumamosi asubuhi ni yake. Watu wa namna hiyo wamebaki wachache, na wengi wao ndio viongozi.

Naomba mnijibu mambo mawili. Je, Kanisa lenyewe linaruhusu jumuiya kumkatalia mtu mazishi kwa sababu ya mahudhurio? Na jumuiya ni ya nini hasa, katika mji wa namna hii? Kama ni ya kukusanya michango na kutoa barua za ubatizo, mtuambie wazi tujue.

---

MwenyekitiArusha

Milele amina. Dada katibu, pole kwa msiba. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya na nitakuwa upande ambao hautakupendeza, lakini nasema kwa moyo.

Umetueleza habari za mlinzi ambaye alikuwa na sababu. Mimi ninao wasio na sababu. Mtu ana duka, ana gari, Jumamosi yuko nyumbani anaosha gari wakati sisi tunasali nyumba ya tatu kutoka kwake. Ukimpelekea tangazo anakwambia "niandikie tu". Siku baba yake anafariki, saa moja haijapita anapiga simu: jumuiya iko wapi, kwaya iko wapi, padre anakuja saa ngapi. Tunakwenda. Turubai, viti, maharage, kuni, akina mama wanakesha jikoni siku tatu. Baada ya arobaini humwoni tena.

Sasa kwenye jumuiya hiyo hiyo nina mjane anayeuza ndizi mbivu kwenye beseni. Kila mwezi anatoa elfu mbili ya kufa na kuzikana na haijawahi kuchelewa. Aliniuliza mwaka jana, "Mwenyekiti, mimi nahudhuria kwa ajili gani kama mwisho tunapewa sawasawa?" Utaratibu uliouona mkali ulitokana na machozi ya watu kama huyo. Kanisa si kampuni ya mazishi. Ukiondoa kila sharti, jumuiya itakufa ndani ya mwaka mmoja na hapo hata huyo mlinzi hatapata mtu wa kumwimbia.

---

MwanasheriaWaKanisa_Moro

Najibu swali la kwanza tu, kwa sababu hilo lina jibu lililoandikwa.

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1176, unasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Wanaonyimwa wametajwa kwenye kanuni ya 1184: walioasi imani, wazushi na wafarakani wanaojulikana hadharani, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwapa mazishi hayo kungekuwa kikwazo kwa waamini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, suala linapelekwa kwa askofu au mwenye mamlaka yake, na uamuzi wake ndio unaofuatwa.

Soma tena orodha hiyo. Mahudhurio ya jumuiya hayamo. Kadi ya zaka haimo. Kanuni ya 1181 inaonya kuhusu sadaka za mazishi, kwamba pasiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Na mamlaka ya kukataa hayako kwa mwenyekiti wala kwa kamati yake, hata kama mlipiga kura mikono yote ikanyooka.

Mwenyekiti wa Arusha anayo hoja moja ya haki: kanuni ya 222 inawadai waamini kulitegemeza Kanisa lao. Lakini amechanganya vitu viwili. Ibada ya mazishi ni haki ya mbatizwa. Turubai, maharage na fedha za kufa na kuzikana ni makubaliano ya wanachama, na hayo mnaweza kuyawekea masharti yenu kama kikundi chochote. Tenganisheni. Mfuko uwe na daftari lake, na usibebe jina la somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wenu.

---

MshonajiMbagala

Asante sana mwanasheria, hizo namba nimezinakili kwenye daftari lile lile.

Ila nikuambie kitu. Ibada aliipata. Katekista alisoma masomo yote, alinyunyiza maji ya baraka, hakuruka sala hata moja. Kwa sheria unazozitaja, haki yake ilitimia. Alichokikosa mama yule ni watu. Aliona mwanawe anazikwa kama mgeni mahali alipoishi na kutoa zaka. Sasa hilo unalitenganishaje na jumuiya?

Na Mwenyekiti, sikukasirikii. Mjane wa ndizi namwelewa, ninao wa namna yake wawili. Lakini nadhani swali lake lilipaswa kukutisha zaidi ya kukuhuzunisha. Kama mtu anahudhuria ili siku moja azikwe vizuri kuliko jirani, basi tumemfundisha nini Jumamosi zote hizo?

---

MzeeWaNgara

Binti yangu, nimesoma tangu juu mpaka chini. Nilikuwa mwalimu, sasa nimestaafu, na nimezisali jumuiya tangu zilipoanza huku kwetu. Niwape historia kidogo, maana naona mnagombania chombo bila kukumbuka kilitengenezwa kwa kazi gani.

Zamani za ujana wangu, ukiuliza kazi ya Kanisa ulikuwa unaonyeshwa majengo: shule ya misheni, zahanati ya misheni, karakana ya misheni. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 na serikali ikazichukua shule. Nakumbuka mapadre waliotembea wameinamisha vichwa, na wazee waliouliza kwa sauti: kama shule zimekwenda, hawa watu wamebaki na kazi gani? Swali lako, binti, tuliliuliza sisi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa misa za kila siku, alikwenda New York mwaka 1970 akawaambia masista wa Maryknoll, shirika la wamisionari la Marekani, kwamba Kanisa lisiposhiriki kuondoa mifumo inayowaweka watu katika umaskini na udhalili, litakuwa halimhusu tena binadamu, na dini itabaki kuwa ushirikina wa waoga. Aliyatamka kwa watawa, hakuwaficha.

Jibu halikuja kwa kujenga majengo mengine. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, wakarudi tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa la mahali lianzie kwenye jumuiya ndogo ndogo: majirani wanaojuana kwa majina, wanasoma Injili ya Jumapili na kuuliza inawadai nini pale walipo. Sababu ilikuwa kwamba parokia zilikuwa kubwa mno. Mtu alikuwa anaweza kuugua mwezi mzima, akapona au akafa, padre asijue. Jumuiya ilikusudiwa kuwa jicho na mguu wa Kanisa mtaani.

Askofu wetu wa Rulenge wakati huo, Christopher Mwoleka, aliona hata hilo halitoshi. Akahamia kijiji cha Ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na wanakijiji. Askofu! Wako waliomcheka na wako waliosema amepotoka kwa siasa. Mimi kijiji kile niliwahi kukifikia kwa baiskeli. Alipenda kufundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa kwetu kama fumbo la kutegua, ulifunuliwa ili tuuige: Mungu mwenyewe ni ushirika, kwa hiyo anayemjua anashiriki maisha na jirani. Kwa Mwoleka, kwenda kwa mtu ndiyo ilikuwa theolojia.

Vijiji vya Ujamaa vimepita, siasa zile zimepita. Lakini naomba mkitazame kitu hiki: jumuiya ilianzishwa kwa sababu watu hawawezi kulifikia Kanisa, basi Kanisa liwafikie. Leo mnamkatalia mtu kwa sababu hakuweza kuifikia jumuiya. Mmeligeuza kabisa.

Mwenyekiti mwanangu, yule mwenye duka na gari, je, uliwahi kwenda kukaa naye barazani siku isiyo ya mchango? Nauliza tu kama mzee. Huku kwetu tulikuwa tunapangana wawili wawili kuwatembelea waliopoa, bila kadi mkononi. Wengine walirudi, wengine hawakurudi, lakini hakuna aliyeweza kusema "mnanijua siku ya pesa".

---

MwenyekitiArusha

Shikamoo mzee. Hapana, sijawahi. Tulikuwa tunampelekea kadi na matangazo.

Bado naona mfuko lazima uwe na masharti. Hapo sirudi nyuma.

---

MuuguziNairobi

Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi hapa Nairobi na nina jambo la utendaji tu, kwa sababu huyu kijana mlinzi angeweza kuwa mimi.

Wauguzi wa zamu hatuna Jumamosi wala Jumapili, tuna ratiba ya kazi. Katika jumuiya yetu tulikuwa tumeanza kupotea mmoja mmoja. Kilichotuokoa ni mama mmoja mzee, mwenye nyumba tunamokutana. Alisema kila mfanyakazi wa zamu amletee ratiba yake ya mwezi. Akazibandika ukutani jikoni kwake, kando ya kalenda ya parokia. Sasa kabla ya kupanga mkutano wanaangalia ukuta. Wiki moja tunasali Jumapili jioni, wiki nyingine ni siku ya kazi saa tisa mchana, hata kama ni watu watano. Injili ni ile ile na mshumaa ni ule ule.

La pili, aliye zamuni anahesabiwa. Mimi nikiwa wadini usiku, nafahamu jumuiya yangu inajua niko wapi. Mara nyingi napata ujumbe: fulani wa jumuiya amelazwa hapo kwenu, tafadhali mpitie. Nampitia, namwekea maji, nasali naye Baba Yetu kama anataka, naendelea na dawa. Asubuhi naandika tu "nimemwona". Hayo ndiyo mahudhurio yangu ya wiki hiyo na hakuna aliyewahi kuyabishia.

Mlinzi wenu analinda usiku kucha peke yake. Je, kuna mtu aliwahi kumpigia simu saa nane za usiku kusali naye kumi moja la rozari? Sisemi kwa kulaumu. Watu wa zamu tunajua saa nane za usiku zilivyo ndefu.

---

MwanasheriaWaKanisa_Moro

Katibu amenijibu vizuri kuliko nilivyotegemea na nakubali: sheria inaweka kiwango cha chini ambacho hairuhusiwi kushuka chini yake. Haiwezi kuamuru watu waimbe.

Naongeza kitu kimoja kutoka historia ya zamani zaidi kuliko ya Mzee. Kaisari Juliani, aliyelelewa Mkristo kisha akarudi kwenye miungu ya Kirumi, katika karne ya 4 alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia akilalamika kwa nini dini ya Wakristo inakua. Alitaja ukarimu wao kwa wageni na jinsi wanavyoshughulikia makaburi ya wafu. Alitaka makuhani wake waige. Huyo ni adui wa Kanisa, na hicho ndicho alichokiona akiwa nje. Kuzika wafu kumo katika matendo ya huruma ya kimwili tunayowafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mlinzi alikuwa mgeni na alikuwa marehemu, yote mawili kwa pamoja.

---

MshonajiMbagala

Nimewasoma wote mara kadhaa, nyingine nikiwa kwenye cherehani, mteja akaniuliza nasoma nini.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu kuongoza tafakari. Sikuliachia somo la siku peke yake, nilifungua pia Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walikuwa wanasahaulika kwenye mgawo wa kila siku. Watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia "wahudhurie kwanza". Waliona mpangilio wao wenyewe haukutosha tena, jamaa ilikuwa imekua na ina watu wa lugha nyingine, wakachagua watu saba wa kusimamia huduma ile. Nikawauliza wenzangu: kwetu wajane wa Kigiriki ni akina nani? Kimya kidogo, halafu binti wa kiwandani, ambaye siku ile alikuwa ameomba ruhusa, akasema, "Ni sisi."

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mengine kabisa. Si wote waliokubali. Mwenyekiti wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema analolijua yeye ni kwamba utaratibu ulipitishwa na mkutano, kwa hiyo utabadilishwa na mkutano. Ni haki yake na nimemheshimu kwa hilo. Mkutano tumeuweka Jumapili ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, ili waliotoka zamuni wawe wamelala kidogo.

Nitakayoyapeleka ni haya. Mfuko wa kufa na kuzikana utoke kwenye daftari la jumuiya, uwe na wanachama wake na masharti yao, kama alivyosema mwanasheria na kama anavyotaka Mwenyekiti wa Arusha. Kwenda msibani, kuimba na kukesha na wafiwa liwe la kila mbatizwa anayeishi kwenye eneo letu, ana jina daftarini au hana. Ratiba za zamu zibandikwe, nimeshaongea na mama mwenye nyumba mwenye ukuta mpana. Na safu ya mahudhurio nitaifuta. Mahali pake nitaandika "tulimwona lini", ili ikiwa tupu, wa kuulizwa tuwe sisi.

Muuguzi, hilo la saa nane za usiku nimelichukua. Mtaani wamebaki walinzi wengine na mmoja kanipa namba yake.

Mzee wa Ngara, shikamoo tena. Nina ombi. Yule mama wa Kasulu alirudi nyumbani na sina njia ya kumfikia ila kupitia parokia yake, ambayo jina lake alinitajia. Nataka jumuiya imwandikie barua, isainiwe na kila atakayekubali, na tumuombee misa mwanawe huku. Sijawahi kuandika barua ya namna hiyo. Je, inaanzia kwa paroko wangu kwenda kwa paroko wake, au naweza kuituma moja kwa moja kwa jumuiya ya mama?

---

MzeeWaNgara

Marahaba binti. Mwonyeshe kwanza paroko wako, aweke muhuri, halafu aitume kwa paroko wa kule. Ndani yake weka karatasi ya pili kwa jina la mama mwenyewe, kwa mkono wako, isiyo na muhuri wowote. Mtaje mwanawe kwa jina lake la ubatizo. Na kama mlipiga picha kaburi lina msalaba, iweke.